Je, Anayesema Anaumwa Amekosa Subira?



Ndugu zangu katika imani, makala hii nimeichelewesha mihula miwili. Mhariri ameniomba zaidi ya mara moja niandike kuhusu subira, kwa sababu wengi mnaikumbuka darsa niliyoitoa nikiwa mwaka wa kwanza, ile ya mwanamke mwenye kifafa. Wapo walioirekodi, na mpaka leo inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya dada zetu. Namuomba anayeisikiliza asome na haya.

Kisa chenyewe mnakijua. Wamekipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), alipomwonyesha mwanafunzi wake Ata' bin Abi Rabah mwanamke mweusi na kumwambia kuwa huyo ni katika watu wa Peponi. Mwanamke huyo alimwendea Mtume (s.a.w.), akamweleza kuwa anaanguka kifafa na anapoanguka mwili wake unafunuka, akaomba amuombee kwa Allah. Mtume (s.a.w.) akampa mambo mawili achague: akitaka asubiri na malipo yake yawe Pepo, au akitaka amuombee apone. Akachagua kusubiri. Kisha akaomba jambo moja tu, kwamba asifunuke, na Mtume (s.a.w.) akamuombea hilo.

Mimi katika darsa ile nilisimama pale kwenye kusubiri, nikapanda juu. Nilisema mwanamke wa leo kichwa kikimgonga kidogo mtaa mzima unajua. Nilisema tumbo la hedhi lina ajabu gani, mama zetu waliumwa na hawakusikika. Dada zangu walilia, wengine wakatoa takbira. Nilishuka nikijiona nimefanya kazi ya da'wa.

Mwenzangu wa chumbani alikuwa amekaa karibu na dirisha, amejikunja, mkono mmoja ameufunika kwa khanga akijibonyeza chini ya kitovu. Jina lake silitaji. Yeye mwenyewe amenipa ruhusa niandike, na amenipa sharti ambalo sikulitegemea: nisizungukezunguke. "Andika mkojo," akaniambia. "Ukiandika sehemu fulani, msichana mwenye ugonjwa kama wangu atasoma makala nzima na asijue kama anasemwa yeye." Basi naandika mkojo.

Yeye ni mtu wa Pemba, mimi ni mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura. Tumekutana hapa Uganda kwa sababu ya masomo, na Kiswahili ndicho kilichotufanya tuombe chumba kimoja. Kwao Pemba msichana akikojoa damu jibu liko mdomoni mwa kila mtu, nalo ni kichocho. Si jibu la kijinga. Kichocho cha njia ya mkojo kipo Unguja na Pemba miaka mingi, na vidonge vyake hugawiwa mpaka mashuleni. Kwa hiyo alipokuwa na miaka 16 na mkojo wake ukaja na wekundu alipewa vidonge vya kichocho. Wekundu ukaondoka baada ya siku nne, wote wakasema amepona. Mwezi uliofuata ukarudi, ukakaa siku zilezile nne, ukaondoka. Akapewa tena vidonge.

Alipofika chuo kichocho kikabadilika kuwa UTI. Sina haja ya kuwaeleza wanachuo UTI ni nini. Nusu ya bweni la wasichana limeshaandikiwa dawa zake. Alikunywa dozi moja baada ya nyingine. Mara mbili mkojo wake uliooteshwa maabara haukutoa mdudu yeyote, na bado aliandikiwa dawa za kuua wadudu. Siku zake zikifika alikuwa anakwenda chooni kila nusu saa, na kila akirudi alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda na kutafuna ncha ya khanga. Bibi yake kwenye simu alisema ni chango, akamtumia mizizi kupitia mtu wa basi. Kuna na aliyesema ni jini mahaba, akisomewa na kuolewa mapema yatakwisha. Mimi nilikuwa na maneno yangu ya subira.

Siku moja baada ya ile darsa nilimkuta chooni amekaa chini kwenye saruji. Nikamwambia, "Ukhti, inuka twende zahanati."

"Hapana," akasema. "Wewe si ulisema jana?"

Nikamwacha. Nilimletea maji ya moto kwenye chupa na nikamuombea dua. Ilipita karibu miezi saba kabla ya kukanyaga tena zahanati, na alikwenda kwa sababu ya mafua. Muuguzi aliyekuwa zamu alifungua kadi yake, akaona UTI, UTI, UTI, akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza tangu ana miaka 16: "Hii damu ya mkojo, inakuja pamoja na siku zako?"

Alipojibu ndiyo alitumwa kupiga altrasaundi. Kibofu kilikuwa na uvimbe mdogo ukutani. Hilo halikumshtua sana mpigaji picha. Kilichomshtua ni figo ya kushoto, ambayo ilikuwa imevimba kwa mkojo uliokosa njia ya kushuka. Tukapanda basi kwenda Kampala kwa kipimo cha MRI, na huko ndiko tulikolisikia neno endometriosisi kwa mara ya kwanza, sisi wawili tuliomaliza sekondari kwa alama nzuri za bailojia.

Nieleze kwa ufupi nilivyoelewa. Ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi una utando unaojijenga kila mwezi na kumomonyoka wakati wa hedhi. Katika ugonjwa huu tishu zinazofanana na utando huo zinaota nje ya mfuko wa uzazi. Nazo zinaitika homoni zilezile: zinavimba, zinavuja damu, na damu hiyo haina mlango wa kutokea, basi panafanyika uvimbe, makovu na kugandana kwa viungo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu unawapata karibu asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani kiasi cha milioni 190. Mara nyingi hukaa kwenye nyonga. Kwa wachache, kama 1 katika kila 100 wenye ugonjwa huu, huingia katika njia ya mkojo, na hapo kibofu ndicho kinachoguswa zaidi. Mgonjwa anaungua akikojoa, anabanwa kila saa, na baadhi wanatoa damu kwenye mkojo, mambo yote yakizidi siku za hedhi.

Kwa wengine wachache unashika ureta, ule mrija unaoteremsha mkojo kutoka kwenye figo kwenda kwenye kibofu. Hapa naomba msome polepole. Mrija ukibanwa taratibu, figo inaweza kufa bila kuuma. Mgonjwa hasikii kitu kwenye figo. Maumivu aliyokuwa nayo mwenzangu yalikuwa ya kibofu na ya tumbo la hedhi. Figo yenyewe haikusema neno miaka yote hiyo.

Na hapa ndipo fikra yangu yote kuhusu subira ilipovunjika. Mimi nilidhani jambo lililo mbele yetu ni maumivu, na kwamba kazi ya muumini ni kuyabeba. Kumbe maumivu yalikuwa mjumbe. Tulimsifu mwenzetu kwa kumvumilia mjumbe na barua hatukuisoma. Mtu anasubiri juu ya jambo analolijua: amefiwa, amefukuzwa kazi, ameambiwa ugonjwa wake ni huu na mwisho wake ni huu. Je, mtu anaweza kusemwa amesubiri juu ya kupotea kwa figo ambayo hajui kama inapotea? Nimelizungusha swali hili kichwani mihula miwili na kila mara jibu langu ni hapana. Hiyo ni kutojua tu, na sisi tuliokuwa tukimpongeza tulikuwa tunasifu kutojua.

Nikarudi kwenye hadithi. Nilikuwa nimeihifadhi kwa Kiarabu, na aibu yangu ni kwamba sikuwahi kuisoma tangu mwanzo wake kwa makini. Mwanamke yule *alikwenda*. Hilo nililipita kama mtu anayepita kizingiti. Alitoka nyumbani kwake, akamfikia Mtume (s.a.w.), akalitaja jina la ugonjwa wake, akataja na jambo la aibu zaidi, kwamba mwili wake unafunuka. Mtume (s.a.w.) hakumwambia kuwa kulileta jambo hilo ni upungufu wa imani. Alimsikiliza kwanza, kisha akamweka mbele ya njia mbili na kila njia akaieleza mwisho wake. Hata baada ya kuchagua kusubiri, bado aliomba sehemu iliyokuwa inamvunjia heshima iondolewe, na ikaombewa. Subira yake ilikuja baada ya kusema, baada ya kusikilizwa, baada ya kujua na baada ya kuchagua. Mimi niliyakata hayo manne, nikampa mwenzangu kipande kilichobaki.

Nilimuuliza kitandani hospitalini kama ananisamehe. Akasema amenisamehe zamani, kisha akaongeza neno ambalo sijalitoa kichwani: "Yule aliulizwa anataka nini. Mimi sikuulizwa."

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu mimi mwenyewe ningelileta. Kuna atakayesema wanazuoni, akiwemo Ibn Hajar katika sherehe yake ya Bukhari, wameitumia hadithi hiyo kuonyesha kuwa inajuzu kuacha tiba. Ni kweli, na silipingi. Kujuzu kuacha ni haki ya mgonjwa aliyeelewa, wala haikuwa fimbo ya kumrudishia mtu mwingine chumbani. Kisha tuangalie wanazuoni wa zama zetu walivyoipanga hukumu. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la kimataifa, lililo chini ya OIC, lilipokutana Jeddah Mei 1992 lilipitisha azimio namba 67 kuhusu tiba. Linasema asili ya tiba ni kuruhusiwa na kuhimizwa, kisha hukumu inabadilika kwa hali. Inakuwa *wajibu* pale ambapo kuiacha kutasababisha kupotea kwa nafsi, au kiungo kimoja cha mgonjwa, au ulemavu, au ikiwa ugonjwa unaambukiza wengine. Kiungo kimoja. Nilipolisoma azimio hilo maktaba nilikuwa najua tayari kuwa figo ya kushoto ya mwenzangu inafanya sehemu ndogo tu ya kazi yake na madaktari hawatarajii irudi ilivyokuwa. Kwa hiyo nilikuwa nimemhimiza aache wajibu, nikidhani namhimiza kwenye fadhila. Na mabedui walipomuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, aliwaambia wajitibu, kwani Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa isipokuwa uzee. Hiyo nayo nilikuwa nimeihifadhi.

Pingamizi la pili ni zito kidogo. Atasema mtu: Nabii Ayyub (a.s.) ametajwa katika Qur'an kuwa ni mwenye subira, na alilia kwa Mola wake, hakulia kwa watu, Nabii Yaqub (a.s.) alisema wazi kuwa huzuni yake anaishitaki kwa Allah. Basi mashitaka yaende juu, yasiende pembeni. Nakubali kwamba kumlalamikia Allah kwa viumbe vyake ni jambo baya. Lakini kumweleza daktari unaumwa wapi si kumshitaki Allah. Ibn al-Qayyim ametenganisha mawili haya: kulalamika kwa kuchukia alichokadiria Allah, na kueleza hali yako kwa anayeweza kukusaidia, kama mgonjwa anavyomweleza tabibu, hili la pili haliharibu subira. Na hata tukiwaacha wanazuoni, Bibi Aisha (r.a.) alipolalamika kichwa Mtume (s.a.w.) alimjibu kwa kutaja kichwa chake mwenyewe kinachomuuma. Ibn Mas'ud (r.a.) alipomwingilia akiwa na homa kali hakuficha, alikubali kuwa homa yake ni kama ya watu wawili. Ni nani kati yetu mwenye subira kuliko yeye?

Nadhani kinachotuziba midomo kwa kweli si subira. Ni haya, tumeivisha joho la subira ili ionekane ya kidini. Mvulana akivunjika mguu uwanjani hakuna anayempa darsa la Ayyub. Msichana akiumwa mahali ambapo hapatajwi mezani ndipo tunapoanza kutafuta aya. Na haya ni katika imani, sikatai, lakini haya ya wanawake wa Madina haikuwa ya namna hii. Hamna bint Jahsh (r.a.) alikuwa na damu nyingi isiyokatika. Alimwendea Mtume (s.a.w.) akamweleza, akashauriwa pamba, akasema ni nyingi kuliko hivyo, akashauriwa kitambaa, akasema bado ni nyingi, inamwagika. Mazungumzo yote yamo ndani ya Abu Dawud na Tirmidhi, na tunayasoma mwaka wa kwanza, wavulana na wasichana darasa moja, na hakuna anayecheka kwa sababu yako kwa Kiarabu. Bibi Aisha (r.a.) amewasifu wanawake wa Kianswari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao.

Fatima bint Abi Hubaysh (r.a.) naye aliuliza kama damu isiyokoma inamzuia kuswali. Mtume (s.a.w.) alimfahamisha kuwa ile inatoka kwenye mshipa na si hedhi. Hadithi hii ilitufaa kuliko tulivyofikiria. Baada ya upasuaji mwenzangu aliwekewa mrija laini ndani ya ureta, unaoitwa stenti, ukakaa wiki sita, na mrija ule ulimfanya akojoe wekundu siku nyingi nje ya hedhi. Aliniuliza kwa simu kama aache swala. Kwa kuwa ugonjwa wenyewe unafanana na utando wa kizazi, nilichanganyikiwa na kumpelekea ustadhi wetu. Jibu lilikuwa jepesi. Hedhi ni damu inayotoka ndani kabisa ya mfuko wa uzazi. Inayopita njia ya mkojo ni najisi na inatengua udhu, lakini haimzuii mtu swala wala saumu. Siku zile za kwanza alizokuwa na mpira wa mkojo alitawadha kila unapoingia wakati, akaswali vile alivyo. Alifurahi kuliko nilivyotarajia. Kumbe alikuwa ameshaacha swala nyingi tangu ana miaka 16, kila alipoona mkojo mwekundu hata kabla hedhi haijaanza, kwa sababu hakuwa na wa kumuuliza.

Tiba nayo ilikuja na maswali yake. Ugonjwa ukiwa kwenye kibofu peke yake aghalabu huanzwa na dawa: za kutuliza maumivu, na za homoni zinazonyamazisha hedhi ili tishu zile zisichochewe. Dawa haziung'oi ugonjwa, zinautuliza, na ukiziacha dalili zinaweza kurudi. Kovu likishabana ureta na figo imeshavimba, vidonge havitoshi kuufungua. Hapo inahitajika kazi ya mikono. Kwake walikata kipande cha ukuta wa kibofu chenye uvimbe na kukishona, wakaondoa sehemu ya ureta iliyobanwa na kuipandikiza iliyobaki kwenye kibofu upya. Mfuko wa uzazi na mayai havikuguswa. Angechelewa zaidi, ingebidi figo yenyewe itolewe, kama wanavyofanyiwa wengine ambao figo imekufa kabisa.

Daktari wa mfumo wa mkojo aliyekuwepo alikuwa mwanamume. Mama yake kule Pemba alilia kwenye simu kwa hilo kuliko alivyolilia figo, na simlaumu, ni mama wa Kipemba. Wanazuoni wameliweka wazi jambo hili: atafutwe mwanamke kwanza, asipopatikana mwenye ujuzi huo, mwanamume anaruhusiwa kwa haja, afunue panapohitajika tu, na mgonjwa asiachwe peke yake naye. Bukhari ameweka mlango mzima juu ya mwanamume kumtibu mwanamke na mwanamke kumtibu mwanamume, na ameleta humo habari ya Rubayyi' bint Mu'awwidh (r.a.) na wenzake waliokuwa wakihudumia majeruhi vitani. Kaka yake alisafiri kwa boti na mabasi mpaka Kampala, akakaa mlangoni. Daktari mwenyewe, ambaye si Muislamu, ndiye aliyemkumbusha muuguzi amfunike miguu.

Lakini mtihani ulioniuma zaidi ulikuja tulipokwisha rudi bwenini. Anatakiwa anywe kidonge cha homoni kila siku ili ugonjwa usirudi haraka, na kidonge hicho kiko katika ukoo mmoja na vidonge vya uzazi wa mpango. Msichana mmoja alikiona. Kabla ya Ijumaa habari ilikuwa imezunguka: binti wa Kiislamu, hajaolewa, anakunywa vidonge. Wakati huo mwenzangu alikuwa ameshika mwezi wa tatu tangu kushonwa. Alianza kukificha ndani ya kopo la majani ya chai. Sisi ambao hadithi ya kwanza tunayofundishwa watoto ni ile ya matendo na nia zake tulishindwa kumdhania mtu mema kwa kidonge kimoja. Nilikwenda chumba kwa chumba kueleza, mpaka yeye mwenyewe akanikataza. Alisema amechoka kuelezwa.

Nilipotafuta mfano wa mtu wa Afrika Mashariki aliyeusema ugonjwa huu hadharani, nilimpata marehemu Njambi Koikai, mtangazaji wa Kenya, aliyefariki Juni 2024. Wake ulifika kifuani, mapafu yakawa yanaporomoka, na alitibiwa mpaka Marekani. Alizungumza miaka mingi kwenye redio na televisheni ili wasichana wajue jina la ugonjwa. Si wa dini yetu, na nilijiuliza kwa nini jambo hili nimejifunza kwake wakati Hamna bint Jahsh yuko kwenye silabasi yangu.

Kuna jambo bado sijalimaliza. Zipo siku, hata sasa, ambazo dawa imekunywewa, daktari ameonwa, na bado anaumwa. Siku hizo hasemi kitu, anageukia ukutani na tasbihi yake. Nilipomuuliza kama hiyo ndiyo subira, alisema hajui, ila siku hizo anajua anachokisubiria. Sina la kuongeza juu ya hapo, wallahu aalam.

Muhula huu niliomba ruhusa kwa amira nirudie darsa ile. Nilisoma hadithi yote, kuanzia alipokwenda. Hakuna aliyelia, na takbira ilikuwa moja tu, ya kuungaunga. Walipokwisha kutoka, binti wa mwaka wa kwanza alibaki akikunja mikeka iliyokwisha kunjwa. Nikamuuliza lile swali la muuguzi, kama linalomsumbua linakuja na siku zake. Akaangalia mlangoni kwanza.

"Si mkojo, dada," akasema. "Mimi ni nikienda haja kubwa."

Tumekubaliana Jumatatu saa tatu asubuhi, baada ya kipindi chake cha kwanza. Mwenzangu amesema atakuja na sisi.